Shahidi Aliyekatazwa Kusikia

Kama umewahi kukaa Kichochoro cha Kenanga, hata kwa wiki moja tu, basi ulimjua Bu Wagirah, na yeye alikujua zaidi. Kwetu mama huitwa Bu, baba Pak, na dada Mbak. Kila asubuhi alipita na kapu lake mgongoni, amelifunga kwa mtandio wa batiki uliochujuka rangi, ndani yake chupa za mitishamba: manjano na ukwaju kwa wasichana, mchele na tangawizi kwa watoto wasiopenda kula, na ile dawa chungu ambayo wanaume huinywa wamefumba macho huku wakijifanya haiwasumbui. Aliuza dawa, lakini watu walimsubiri kwa habari. Nani kaposwa, nani karudi kutoka Malaysia, nani kanuniana na mama mkwe. Ukiinywa glasi yako upesi, uliondoka na dawa tu. Ukiinywa polepole, uliondoka na mtaa mzima.

Asije mtu akasema alikuwa mmbea. Mimi, Sarmi, nakaanga vitafunio kwenye kona ya kichochoro hiki tangu mume wangu angali hai, na umbea naujua kwa harufu. Mmbea anaongeza chumvi. Wagirah hakuongeza. Yeye alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimwambia fulani ameanguka, atakuuliza ameangukia upande gani, alikuwa amebeba nini, na nani alicheka. Asipopata jibu alikuwa anaumwa kweli kweli, hata chakula hakimpiti. Mimi nilikuwa namcheka kwa hilo, ingawa na mimi si haba.

Ndiyo maana nasema yaliyompata mwaka ule wa kesi ya ghala yalikuwa adhabu iliyokatwa kwa kipimo chake.

Ghala la batiki la ng'ambo ya mto liliungua alfajiri moja ya kiangazi, na mlinzi wake, mzee Rasimun, akafia ndani. Tulilia sana. Siku chache baadaye polisi wakamchukua Giyanto, mtoto wa Bu Lasmini, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kijana alikuwa mtia rangi kwenye ghala hilohilo, akafukuzwa kwa kujibizana na tajiri, na siku ya kufukuzwa alitoa maneno makali mbele za watu. Maneno yale ndiyo yaliyomponza. Kulikuwa na watu waliomwona mwanamume akikimbia kutoka upande wa ghala moto unaposhika, na mwanamume mwenye hasira na tajiri, kila mtu alimjua ni nani. Akipatikana na hatia angezeekea jela, na mama yake hakuwa na mtoto mwingine.

Kisha televisheni zikaja. Tajiri alikuwa mtu wa jina, basi kituo kimoja cha mkoani kikaomba ruhusa ya kuonyesha kesi moja kwa moja, na jaji akakubali. Mtangazaji wao, Mbak Retno, msichana mwembamba mwenye sauti ya kuamsha waliolala, alikuwa anakula kwangu mchana. Na sitaki mtu aniambie televisheni ni shetani. Kabla ya kamera Bu Lasmini alikuwa anazungushwa ofisi hadi ofisi, hakuna aliyemwangalia usoni. Retno alimwonyesha akilia kwenye ngazi za mahakama, na kabla wiki haijaisha akashuka wakili kutoka Semarang, mwanamke anaitwa Winarni, akasema nimewaona kwenye televisheni na nitamtetea kijana bure. Bila ile kamera Giyanto angesimama pale peke yake.

Kwangu nako kukafurika. Televisheni yangu iko kwenye rafu juu ya karai la mafuta, na siku za kesi benchi zilijaa hadi watu wakawa wanakula wamesimama. Tempe, vile vipande vyangu vya soya vya kukaanga, ziliisha kabla ya adhuhuri.

Wakili Winarni alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani alimwona Giyanto alfajiri ile. Bu Wagirah akasema, "Mimi hapa. Si alikuwa kwangu?" Kisima cha kina Lasmini kilikuwa kimekauka, kijana alikuwa anachota kwa Wagirah kila alfajiri, wakati yeye akisaga mizizi. Siku ile alimpa dawa chungu, akanywa, akakunja uso. Gogo la mianzi la kibanda cha walinzi likaanza kugongwa kutangaza moto akiwa bado ameshika glasi. Na kutoka ghalani mpaka kisimani kwa Wagirah ni mwendo, kuna mto na daraja katikati. Mtu hawezi kukimbia kule na kukunja uso huku.

Wakili alishusha pumzi. Walikaa kwenye benchi langu, mimi nikijifanya nageuza ndizi.

"Bu, mwendesha mashtaka atasema wewe ni jirani, unampenda kijana, umechanganya siku. Kwa hiyo kuna jambo moja nitakuuliza mbele ya jaji. Ukilijibu kwa kichwa chako, bila kulisikia kwa mtu yeyote, hapo watakuamini."

"Jambo gani?"

"Siwezi kukuambia."

"Nidokeze tu."

"Bu Wagirah! Nikikudokeza halina maana tena. Kuanzia leo usitazame kesi. Usisikilize. Usiulize. Mtu akianza kuizungumzia, ondoka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka zamu yako ifike. Mashahidi wote wa upande wa mashtaka wanatangulia."

Wagirah alinigeukia kama mtu aliyeambiwa asipumue. Mimi nikacheka, na wakili akanikata jicho. "Na wewe, Bu Sarmi, ndiwe hatari kuliko wote," akasema, akionyesha rafu yangu kwa kidevu.

Akatueleza. Mahakamani shahidi hukaa nje mpaka aitwe, na mlango hufungwa, ili asisikie mwenzake kasema nini akaja kumfuatisha. Ni desturi ya tangu zamani na ina akili. Lakini mlango utafunga nini, ikiwa anayesema ndani anasikika papo hapo juu ya karai la Sarmi? Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Kuanzia hapo sikuacha kulifikiria.

Basi mtaa ukajifunza kunyamaza. Pak Darsono, mjumbe wetu, aliitisha kikao akatoa amri: Bu Wagirah akionekana, midomo ifungwe. Kila kapu lake lilipotokea mwanzo wa kichochoro mtu alikohoa, mimi nikazima televisheni, na watu wote wakaanza kuzungumzia mvua. Ilikuwa kiangazi, hakuna mvua. Wagirah anakatiza katikati yetu, anatutazama mmoja mmoja.

"Mmenyamaza kama mliofumaniwa," alisema siku moja.

"Tunazungumzia mvua, Bu."

"Mvua ipi?"

"Ya mwaka jana."

Aliondoka akisonya. Wiki ya pili akaanza kuzungukia njia ya mtoni ili asipite kwangu. Wateja nao wakawa wanainywa dawa upesi upesi waingie ndani, wanaogopa ulimi usije ukateleza. Mwanamke aliyelishwa habari na mtaa mzima akawa hapati hata ya kuku aliyepotea, kwa sababu watu walishindwa kutenganisha ipi ni ya kesi na ipi siyo. Alikonda. Jioni moja alinijia jikoni kwa mlango wa nyuma.

"Sarmi, shoga yangu. Niambie tu, mambo ni mazuri au mabaya?"

"Sijui kitu."

"Uso wako unasema ni mabaya."

"Uso wangu umeungua na mafuta. Nenda kalale."

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Lakini pia nilimheshimu, maana redio ya jirani yake ilikuwa inaongea kutwa nzima na yeye alikuwa anaziba masikio kwa pamba na kuimba nyimbo za harusi.

Na mambo yalikuwa mabaya kweli. Shahidi wa kwanza, mkazi wa karibu na ghala, alisema mtu aliyekimbia alivaa jaketi jeusi lenye mstari mweupe mkononi. Watu kwangu wakaguna, maana majaketi yale yalikuwa yamejaa sokoni mwaka ule, kila kijana analo au analitamani. Giyanto alipoulizwa akakana, akasema hana jaketi kama hilo, alfajiri ile alikuwa na fulana tu. Basi hapo ndipo kesi ilipokaa, kwenye jaketi, na mimi nikaanza kubahatisha ni jambo gani ambalo wakili amelihifadhi kwa Wagirah.

Kilichonishangaza ni Pak Kasdi. Huyu anaendesha baiskeli ya abiria ya matairi matatu, na alfajiri ya moto alikuwa darajani akisubiri wachuuzi wa mboga. Siku ileile alikuja kwangu anatetemeka, nikampa chai, akaniambia, "Niliona mgongo, Sarmi. Mgongo tu, unakimbia, halafu moshi." Nilimsikia kwa masikio yangu. Sasa Pak Kasdi alikaa kwenye benchi langu siku ya shahidi wa kwanza, akala tempe na pilipili, akatazama mpaka mwisho. Zamu yake ilipofika tukamwona kwenye televisheni, amevaa shati la Idi, anasema: "Jaketi jeusi, Bwana Jaji. Lina mstari mweupe mkononi."

Aliporudi nikamvuta pembeni.

"Pak Kasdi, si uliniambia uliona mgongo tu?"

"Kwani mgongo ulikuwa uchi? Si ulikuwa umevaa kitu?"

"Mstari uko mkononi, si mgongoni."

"Nilikumbuka baadaye."

"Baadaye lini? Baada ya tempe?"

"Sarmi, usinivunjie heshima. Nimeapa mimi. Nauona mstari ule kama ninavyokuona wewe."

Nilimtazama vizuri. Ningefurahi kama angekuwa mwongo, ningemfukuza benchini na kumaliza. Hakuwa mwongo. Alikuwa anauona. Baada yake akaja mama wa mboga, naye mteja wangu, naye akauona mstari. Nikageuza ndizi zangu, nikawa natazama rafu ile kwa jicho jingine.

Siku moja kabla ya zamu ya Wagirah, Bu Lasmini akaandaa kisomo cha dua, na mtaa mzima ukachangia: wali wa manjano, kuku, nazi ya kukuna na majani. Wanaume wakakaa sebuleni juu ya mikeka, sisi wanawake nyuma ya pazia, jikoni. Wagirah alikuwa anakuna nazi. Pak Darsono alikuwa ameonya kila aliyeingia mlangoni: chakula, dua, basi, neno la kesi lisisikike. Watu wote wakaitikia.

Ila alimsahau Pak Modin. Au tuseme hakuna aliyefikiri kwamba Pak Modin naye ni mtu anayetazama televisheni. Yeye ndiye msomaji dua wetu, na kwa desturi yetu kisomo hakianzi mpaka nia yake itangazwe mbele ya wote, na itangazwe kamili, nani anaombewa, kwa jambo gani, ili iwe nini. Pak Modin ni mtu makini. Kwenye harusi hutaja hadi jina la aliyekopesha sufuria. Basi akasafisha koo.

"Tumekusanyika hapa kwa nia ya kumwombea dada yetu Bu Wagirah, ambaye kesho anasimama mbele ya jaji. Mungu amtie nguvu na amfungulie ulimi. Na atakapoulizwa Giyanto alikuwa amevaa nini alfajiri ile, aseme kwa sauti kwamba hakuvaa jaketi jeusi lenye mstari mweupe, kama walivyosema mashahidi wale watatu, bali fulana peke yake, kama kijana mwenyewe alivyosema..."

"Amin!" wanaume wakaitikia kwa nguvu zote. Ndipo wakasikia walichokiitikia.

Jikoni mbuzi ya nazi ilisimama. Wagirah alikuwa ameinamia bakuli, mkono umebaki na kifuu.

Pazia likafunguliwa, Pak Darsono akaingiza kichwa, jasho linamtoka. "Hakuna mtu aliyesikia kitu," akasema. "Tumeelewana? Humu ndani hakuna aliyesikia kitu."

"Mimi nimesikia," akasema Wagirah polepole.

"Hujasikia, Bu!"

"Pak, hata aliyeko msikitini kasikia."

Bu Lasmini akapiga magoti pale pale kwenye maganda ya nazi, akamshika miguu. Walikuwa wamekua pamoja, wale wawili. "Dada, wewe kesho ukiulizwa sema hukusikia kitu. Kisha sema alivaa fulana. Ni neno moja. Mwanangu yuko ndani ya neno moja, dada."

Wagirah alimwinua. Alimalizia nazi yake, akanawa, akaenda nyumbani bila kula. Pak Modin tulimkuta uani amejifunika uso kwa kofia yake, analia kama mtoto, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumgombeza. Alikuwa amefanya kazi yake vizuri kama siku zote.

Kesho yake kwangu hapakuwa na pa kuweka mguu. Hata Pak Modin alikuja akasimama nyuma kabisa. Tulimwona Wagirah akiingia kwenye chumba cha mahakama amevaa kebaya yake ya kijani, ile blauzi ya shughuli, mdogo, kama amesahau kapu na hajui mgongo aufanye nini. Karani akasimama nyuma yake, akainua Msahafu juu ya kichwa chake, naye akaapa kusema kweli na si kingine ila kweli. Kisha jaji akamuuliza swali alilowauliza wote, kwa sauti ya mtu anayepitisha tu.

"Umefuatilia matangazo ya kesi hii?"

"Sijatazama hata siku moja, Bwana Jaji."

Kwangu watu wakapumua. Lasmini, ambaye tulimwona kwenye viti vya wasikilizaji, akafumba macho.

"Lakini jana nimesikia," akasema Wagirah.

"Umesikia wapi?"

"Kwenye dua."

Chumba kikanong'ona. Jaji akavua miwani. Akamtaka aeleze, naye akaeleza yote, kisomo, nazi, nia, na ile amin. Kwangu vichwa vyote viligeuka nyuma kumtafuta Pak Modin, naye akachuchumaa. Mwendesha mashtaka akaruka juu akasema shahidi huyu ameharibika, hafai. Wakili Winarni alikuwa ameweka kiganja kwenye paji la uso.

Jaji akamtuliza mwendesha mashtaka kwa mkono. Akaanza na kisima, na gogo la mianzi, na glasi ya dawa chungu, na hayo Wagirah akayajibu bila kukwama. Kisha akauliza kwa upole, nadhani kwa kutaka kujua tu:

"Na alikuwa amevaa nini?"

Sema fulana, nilikuwa namwambia moyoni. Sema, mama, nenda nyumbani.

"Mpaka jana mchana," akasema Wagirah, "hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza. Usiku kucha nimejiuliza. Nikifumba macho namwona ana fulana. Namwona wazi kabisa, mpaka mikunjo yake. Lakini sijui, Bwana Jaji, kama ni mimi ninayemwona au ni ile dua. Siwezi kuapa. Sijui."

"Mwanamke huyu!" mtu akapiga kelele kwangu. "Kamuua mtoto wa mwenzake!"

"Nyamaza!" nikamwambia, nimeshika mwiko. "Nyamaza nisikie!"

Jaji aligeuza karatasi zake nyuma, akasoma, akageuza tena. Kisha akasema shahidi huyu amesikia sentensi moja, mara moja, na tayari hajui macho yake yanaanzia wapi. Basi mahakama ingependa kujua waliotangulia walisikia nini, wapi, na mara ngapi, kabla ya kupanda kizimbani. Akaamuru waitwe tena wote. Na akaendelea, akiangalia moja kwa moja kwenye kamera, utadhani ananitazama mimi na karai langu.

"Kamera hazitatoka. Watu wana haki ya kuona jinsi mtu anavyohukumiwa. Mlango pia uko wazi, anayetaka kusikia aje akae. Lakini kuanzia sasa sauti haitatoka humu mpaka shahidi wa mwisho amalize. Siku ya hukumu mtaisikia, neno kwa neno. Na ninyi mlioko kwenye viti, mnayoyasikia yaacheni hapa."

Halafu sauti ikakatika. Mdomo wa jaji uliendelea kwenda.

Mtaa ulipatwa na hasira ambayo sijaiona tena. Kwa pigo moja Wagirah alikuwa amemwangusha Giyanto na ametunyima kesi. Mbak Retno mwenyewe alikuja kwangu mchana akiwa amevimba.

"Bu Sarmi, unajua kitatokea nini? Watu wakiona midomo tu watajaza maneno yao wenyewe. Hiyo ndiyo haki?"

Na alisema kweli, maana siku Pak Kasdi alipoitwa tena, wahuni wa benchi la mbele walimsemea mwanzo mpaka mwisho. Mmoja anaiga sauti yake: "Bwana Jaji, mstari ulikuwa mwekundu!" Mwingine: "Hapana, ulikuwa wa maua!" Watu wakacheka mpaka machozi. Mimi niliona Kasdi ameinamisha kichwa, anajifuta uso kwa ule mkono wa shati la Idi, na kicheko kikanikwama. Nilitaka sana kujua anasema nini. Kumbe kila mtu alikuwa na miguu ya kwenda kukaa kwenye vile viti, lakini tulishazoea kesi ije kwetu.

Aliyekwenda ni Wagirah. Ameshamaliza ushahidi wake, hana tena marufuku, na siku zote zilizobaki aliweka kapu chini akaenda akakaa kiti cha nyuma. Alisikia kila kitu. Na asubuhi yake alipopita na chupa zake, watu walimzunguka, hata waliokuwa wamemtukana, wananywa manjano kwa kuyaramba.

"Kasdi alisema nini, Bu?"

"Jaji amesema yabaki kule."

"Sisi si mashahidi!"

"Dada yako wa mboga ni shahidi. Na wewe unalala naye nyumba moja."

"Basi nidokeze tu."

Hapo akacheka kidogo, cheko la mtu aliyewahi kuwa upande ule. Hakudokeza. Mwenye habari zote za mtaa alikuwa ameipata ile kubwa kuliko zote, na akaibeba kapuni siku baada ya siku bila kuifungua. Nilikuwa namwangalia nikidhani atapasuka.

Bu Lasmini tu ndiye hakumuuliza. Alikuwa akikutana naye kichochoroni anageuza uso ukutani mpaka apite. Maji akawa anayafuata mtoni.

Hukumu ilisomwa kwa sauti, kama tulivyoahidiwa. Jaji alisema mashahidi wawili kati ya watatu wamekiri kwamba mstari ule waliupata kwenye televisheni, na kwamba kwa macho yao waliona mtu akikimbia na si zaidi. Wa kwanza alikuwa mbali na moshi ulikuwa mwingi. Kuhusu Bu Wagirah, alisema neno lake juu ya mavazi halihesabiwi, kwa kuwa mwenyewe amelikataa. Ila mtu aliyekataa neno ambalo lingemfaa, akiwa chini ya Msahafu, mahakama haioni sababu ya kumtilia shaka anaposema kisima na gogo la mianzi. Mahakama haikuridhika kwamba aliyekimbia ni mshtakiwa. Aachiwe.

Benchi langu moja lilivunjika kwa watu kuruka. Sikujali. Nilikuwa nalia na mwiko mkononi, na tempe zikaungua zote.

Lililobaki nilikaa nalo kwa miaka, mpaka Giyanto mwenyewe, ambaye sasa ana mke na watoto Kalimantan, aliponiambia simulia tu, Bu. Ilikuwa asubuhi ya pili baada ya kurudi kwake. Nilikuwa kwa Wagirah nasubiri manjano yangu. Kijana aliingia uani na ndoo, na mama yake nyuma yake, amejitanda mtandio mpaka puani. Lasmini alimshika Wagirah mkono, akauweka kwenye shavu lake, akabaki hivyo.

Giyanto aliweka ndoo chini.

"Bu, nilikuwa na jaketi."

Wagirah alimtazama.

"Alfajiri ile. Kulikuwa na baridi. Lilikuwa jeusi, lina mstari, lile la sokoni kama la kila mtu. Nilikuja nalo hapa, nikanywa dawa yako nalo, nikarudi nyumbani nalo. Waliponikamata mama akasikia polisi wakiliulizia, akalichoma. Nilimdanganya hata wakili. Niliogopa, Bu. Nani angeniamini na jaketi lile mwilini?"

Wagirah alikuwa amefumba macho. Najua alikuwa anaitazama fulana ile, na mikunjo yake, iliyokuwa wazi kabisa.

"Bado namwona ana fulana," akaninong'oneza. "Sarmi, ningeapa. Ningeapa uongo kwa moyo mweupe."

Kisha akafumbua macho, na ule ugonjwa wake wa kuuliza ukamshika hata pale.

"Umeshaachiwa. Hakuna aliyekuuliza. Kwa nini umekuja kuniambia mimi?"

Giyanto alikuwa ameshashika kamba ya kisima.

"Mtaa mzima ulisema unajua nilivaa nini, Bu," akasema. "Ni wewe peke yako uliyesema hujui."